KITU KILICHOWEKWA WAKFU NI CHA NANI?



Katika darasa letu la Biblia la Jumatano jioni, kijana mmoja aliyepokea Kipaimara mwaka jana aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu katika dakika kumi zilizokuwa zimebaki. Alisema: "Mwalimu, kanisa letu la zamani liliwekwa wakfu na Askofu. Sasa tunalo kanisa jipya, na tunasikia kwamba mfanyabiashara mmoja anataka kulikodi lile la zamani liwe ghala la mahindi. Je, lile bado ni takatifu, au utakatifu umehamia huku pamoja na mabenchi?" Wenzake walicheka kwa ajili ya mabenchi. Mimi sikucheka, maana jambo hilo litafika mbele ya Halmashauri ya Mtaa mwezi ujao, na Wakristo wetu wamekwisha kugawanyika. Wako wasemao kwamba nyumba isiyosaliwa ndani yake ni mawe tu, tena kodi ya miaka mitatu ingetosha kumaliza sakafu ya kanisa jipya. Wako na wasemao kwamba mtu atakayetua gunia la kwanza mle ndani atapigwa na Mungu papo hapo. Nadhani pande zote mbili zimesema kabla ya kujifunza. Basi na tujifunze.

Tuanze na neno lenyewe. Wakfu ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na maana yake ya asili ni kusimamisha, kuzuia kitu kisiendelee kupita mkono hata mkono. Ndugu zetu Waislamu wanalitumia kila siku. Mtu akiweka nyumba au shamba wakfu, mali ile husimama: haiuzwi, haitolewi zawadi, wala watoto wake hawairithi; faida yake tu ndiyo huwaendea maskini, au msikiti, au wale aliowataja. Watu wa Mombasa na Unguja wanajua kwamba hata leo ziko kamisheni zilizowekwa kwa sheria kusimamia mali za namna hiyo. Waliotafsiri Biblia katika lugha yetu walilichukua neno hilo kwa kuwa walilikuta tayari limebeba mzigo walioutaka.

Hapo ndipo tunapoona tofauti ya kubariki na kuweka wakfu, mambo mawili yanayochanganywa sana. Padre akija kuibariki nyumba yako, nyumba inabaki yako. Akiibariki pikipiki yako leo, kesho waweza kuiuza, wala hujamkosea Mungu. Baraka humwomba Mungu awe pamoja na kitu kilicho mkononi mwako. Wakfu hukiondoa kitu mkononi mwako. Soma Mambo ya Walawi 27:28, uone jinsi sheria ya Musa inavyokataza kukiuza au kukikomboa kitu ambacho mtu amekiweka wakfu kabisa kwa Bwana. Soma pia habari za Haruni na wanawe katika Kutoka sura ya 29. Katika Kiebrania, kumweka kuhani wakfu husemwa kama "kumjaza mkono", na watu wengi hueleza kwamba ni kwa sababu sehemu za dhabihu ziliwekwa katika mikono yake. Mtu ambaye mikono yake imejaa vitu vya Mungu hana nafasi ya kushika kingine.

Katika Agano Jipya jambo hili lina habari ya kutisha, ile ya Anania na Safira katika Matendo sura ya 5. Wengi hudhani waliadhibiwa kwa kutotoa vyote. Sivyo. Petro alimwambia Anania waziwazi kwamba kabla ya kuuzwa kiwanja kilikuwa chake, na hata baada ya kuuzwa fedha zilikuwa katika uwezo wake. Hakuna aliyemlazimisha. Kosa lake lilikuwa kusema mbele ya Mungu kwamba ametoa, huku mkono mmoja bado umeshika.

Sasa tuje kwenye sheria. Zamani sana, mwaka 533, Kaisari Justiniano wa Konstantinopoli alitoa kitabu cha kufundishia wanafunzi wa sheria. Mimi niliyefundisha walimu maisha yangu yote napenda kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya wanafunzi, maana mwandishi hana budi kusema mambo wazi. Kitabu hicho kinafundisha mambo matatu juu ya vitu vitakatifu. Kwanza, kitu kilichowekwa wakfu kwa desturi iliyo halali si mali ya mtu yeyote. Kimetoka katika biashara za wanadamu. Pili, mtu binafsi akijifanyia kitu chake kuwa kitakatifu kwa amri yake mwenyewe, si kitakatifu. Ni lazima kifanywe na wenye mamlaka ya kufanya hivyo. Na la tatu ndilo nilitaka yule kijana alisikie: nyumba takatifu ikibomoka, kiwanja chake kinabaki kitakatifu.

Maneno haya ya kutoka katika biashara mimi huyaona vizuri zaidi nikikumbuka Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja. Mahali pale palikuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Askofu Edward Steere, aliyelisimamia jengo lile na ambaye pia alifanya kazi kubwa katika Kiswahili, alifariki mwaka 1882 akazikwa nyuma ya altare. Mahali palipouzwa watu pakaondolewa sokoni. Sijui mfano mwingine katika nchi zetu unaofundisha maana ya wakfu kuliko huo.

Sisi Waanglikana tumerithi mengi ya sheria ya Kanisa kutoka Uingereza, kwa hiyo yafaa tujue wao hufanyaje. Jambo la kushangaza ni kwamba Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 hakina ibada ya kuweka kanisa wakfu. Maaskofu walitumia taratibu zao wenyewe, na wengi walifuata ile aliyoitumia Askofu Lancelot Andrewes mwaka 1620, alipoweka wakfu kanisa dogo karibu na mji wa Southampton. Lakini kwa wanasheria, sala na nyimbo sizo zinazokamilisha tendo. Wanaotaka kanisa huleta ombi la maandishi. Ikiwa Askofu ameridhika kwamba ardhi ni ya Kanisa kabisa, wala si ya kukodi wala haina deni la rehani, hutia sahihi hati ya kutangaza kwamba mahali hapo pametengwa na matumizi yote ya kawaida hata milele. Tangu sahihi hiyo, jengo na uwanja wake huwa chini ya mahakama ya Askofu. Huwezi kutoboa dirisha, wala kuhamisha mifupa ya marehemu, wala hata kuondoa kengele, pasipo kibali cha maandishi cha mahakama hiyo. Na kwa kuwa kule Kanisa limeungana na dola, kanuni kuu zinazopitishwa na Sinodi yao na kuthibitishwa na Bunge na Mfalme zina nguvu sawa na sheria za Bunge. Hata kanisa lisipotumika tena, wakfu hauishi wenyewe kwa sababu mlango umefungwa au popo wameingia. Lazima utaratibu wa sheria ufuatwe na uamuzi uandikwe, ndipo jengo lirudi katika matumizi mengine.

Ndugu zetu Wakatoliki wa Kirumi, katika sheria yao ya mwaka 1983, wanakubali kwamba mahali patakatifu hupoteza utakatifu wake pakiharibiwa kwa sehemu kubwa, au pakigeuzwa kabisa kwa matumizi mengine. Lakini wanaongeza kwamba kanisa lililoondolewa katika ibada lisipewe matumizi ya aibu. Nadhani hapo wana busara kutupita.

Kuhusu watu nitasema kwa ufupi. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 uliagiza kwamba Askofu awekwe na maaskofu wote wa jimbo, au wasipungue watatu, ili mtu mmoja asijifanyie askofu wake. Ndiyo maana tarehe 15 Mei 1955 Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, alifika Namirembe na maaskofu wenzake, wakawekwa wakfu Waafrika wanne, miongoni mwao Festo Olang' na Obadiah Kariuki wa Kenya, na Yohana Omari wa Tanganyika. Wazee wetu walizungumza habari za siku ile mpaka walipozeeka. Na katika mtu, wakfu hauondolewi. Askofu akistaafu, au Padre akizuiwa kufanya kazi kwa kosa, daraja lake linabaki. Kinachoondolewa ni ruhusa ya kulitumia. Jengo si hivyo. Jengo halikubatizwa.

Mkate na divai navyo vina kanuni yake, na ndiyo mfano ninaoutumia kwa watoto. Kitabu cha Sala kinaagiza kwamba mkate na divai iliyobaki kabla ya kuwekwa wakfu, kasisi aweza kuichukua nyumbani akaitumia. Bali ile iliyokwisha kuwekwa wakfu isitoke kanisani. Iliwe na kunywewa pale pale kwa heshima. Ni mkate ule ule, umetoka katika tanuri moja. Tofauti ni kwamba mmoja umetolewa, na mwingine bado.

Nimefika mahali pagumu, na hapa sina budi kusema habari zangu mwenyewe.

Katika nchi yetu Kanisa halijaungana na Serikali. Mbele ya sheria ya nchi, sisi ni chama cha watu waliopatana kwa hiari. Katiba ya Dayosisi na kanuni zetu hutufunga sisi tuliokubali, hazimfungi jirani. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Tulicho nacho ni haki ya kuitumia, na haki hiyo hushikwa kwa jina la Wadhamini Waliosajiliwa wa Dayosisi. Kwa hiyo hati ya Askofu na hati ya ardhi ni karatasi mbili mbalimbali, na moja haiwezi kufanya kazi ya nyingine.

Mwaka 1988 nilikuwa mkufunzi kijana katika chuo cha ualimu, na karani wa halmashauri katika mtaa wa huko, mbali na hapa. Mzee mmoja alitutolea ekari moja ya shamba lake kwa ajili ya kanisa. Alisimama mbele ya watu wote akasema, "Nimempa Mungu." Askofu akaja, tukauzunguka mpaka kwa maandamano tukiimba, akagonga mlango kwa fimbo yake, akapaka altare mafuta, akatia sahihi. Padre aliniagiza niende na yule mzee katika ofisi ya kijiji, utoaji ule uandikwe, kisha nakala ipelekwe kwa Wadhamini. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Nikasema wiki ijayo. Baadaye likizo ikaingia. Mzee alifariki mwaka 1990, na sikuwa nimekwenda.

Mwaka 1998 wajukuu zake waliuza sehemu ya nyuma. Tulikuwa tumezika watu wanne pale, mmoja wao mke wa katekista wetu. Tulikwenda katika baraza la kata na hati ya kuweka wakfu, imefungwa katika fremu, pamoja na picha ya Askofu. Mwenyekiti aliisoma yote kwa heshima, ingawa hakuwa Mkristo. Kisha akasema, "Hii inanionyesha ninyi mlimwambia nini Mungu. Nionyesheni mzee aliwaambia nini kijiji." Hatukuwa na kitu. Siwalaumu wale wajukuu sana. Walikuwa watoto babu yao alipotoa, na hakuna aliyewaonyesha maandishi. Makaburi yale yako ng'ambo ya ukuta wa mtu mwingine hata leo. Katekista aliishi miaka mingi baadaye, akawa anaomba ruhusa kila Siku ya Marehemu ili aingie kuweka maua. Hakunisema kamwe. Naandika haya kwa sababu wakfu ule ulikuwa wa kweli mbele ya Mungu. Ila uliachwa bila mlinzi, na mlinzi aliyepaswa kuwapo ni mimi.

Upande wa pili nao una hatari yake. Wakfu waweza kutumiwa vibaya na watu wanaojifanya wanamheshimu Mungu. Katika Marko 7 Bwana wetu aliwakemea wale waliosema mali yao ni Korbani, yaani imetolewa kwa Mungu, ili wasiwasaidie baba na mama zao. Na katika Marko 2 alikumbusha jinsi Daudi na watu wake walivyokula mikate ya wonyesho walipokuwa na njaa, wala hakumhukumu Daudi. Karne ya 4 Ambrosi, Askofu wa Milano, aliyeyusha vyombo vya kanisa ili kuwakomboa mateka, na maadui zake walipomsema, aliwajibu kwamba wale waliokombolewa ndio vyombo vilivyo bora. Sheria ya Justiniano nayo, baada ya kukataza kuuza vitu vitakatifu, ilifungua mlango mmoja tu: kukomboa mateka. Angalieni mlango wenyewe ulivyo. Haufunguki kwa ajili ya sakafu.

Basi nimjibu kijana wangu. Utakatifu haukuhama na mabenchi. Kanisa la zamani limebaki wakfu, kwa sababu aliyeliweka wakfu ni Askofu, wala hakuna Askofu aliyeandika neno la kuuondoa. Halmashauri yetu haina uwezo wa kulikodisha, hata tukipiga kura sote kwa mikono miwili. Wala Padre peke yake hana uwezo huo. Nao wanaoogopa radi nawaambia, mawe yale hayana dawa ndani yake. Sulemani mwenyewe, siku ya kulizindua Hekalu, alikiri kwamba mbingu hazimtoshi Mungu, sembuse nyumba aliyoijenga (1 Wafalme 8:27). Tunachokiheshimu katika lile jengo ni ahadi ya babu zetu, waliobeba mawe yale vichwani kutoka mtoni.

Njia za heshima ziko mbili. Ya kwanza ni kumwomba Askofu lile jengo libaki katika kazi ya Mungu: sala za maziko, kwa kuwa makaburi yako pale pale, na shule ya watoto wadogo siku za kazi. Mimi napendelea hiyo, na sifichi. Ya pili ni kumwomba aondoe wakfu kwa maandishi. Altare itolewe kwanza kwa heshima, makaburi yatengwe kwa uzio, na matumizi yatakayofuata yaandikwe katika mkataba ili lisije likawa kilabu cha pombe baada ya mwaka mmoja. Akikubali hivyo, mahindi yaingie, wala mtu asiogope. Ninalolipinga ni kuingiza magunia kwanza na kumwandikia Askofu baadaye. Kama mahindi hayo yangekuwa ya wenye njaa, kama mwaka ule mvua zilipokosa, ningekuwa wa kwanza kubeba gunia. Lakini haya ni ya kusubiri bei ipande.

Jumamosi iliyopita nilimwomba Padre ufunguo, nikalitafuta lile sanduku la bati lililokuwa chini ya kabati ya sakristia ya zamani. Hati ya kuweka wakfu imo. Mchwa wamekula pembe ya chini, lakini mhuri unaonekana na sahihi inasomeka. Mipaka imeandikwa kuanzia mwembe mkubwa ulio njiani hata kijito. Barua yoyote ya kijiji au ya Wadhamini sikuiona, na mwembe ule ulikatwa zamani. Wengi wenu hamkuukuta. Wako wazee watatu wanaokumbuka shina lake lilipokuwa. Nimewaomba wafike kanisani Jumamosi ijayo saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji na majirani wa pande zote mbili. Karani ataleta kamba na daftari, na mimi nitaleta vigingi.